Wauza kompyuta waache kuzima kinga ya Windows

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wauza kompyuta, na zaidi na wazazi ambao kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa huwanunulia watoto wao laptop mpya. Laptop yenye Windows 10 au Windows 11 inakuja na antivairasi yake ndani, ya bure na isiyoisha muda, inayowatosha wanafunzi na wafanyakazi wengi wa ofisini. Inaitwa Microsoft Defender. Tatizo ni kwamba mara nyingi mnunuzi anapofika nyumbani, kinga hiyo imeshawekwa pembeni. Wakati mwingine imewekwa pembeni na antivairasi ya majaribio iliyotoka kiwandani. Wakati mwingine, na hapa ndipo penye ubaya mkubwa, imeharibiwa na mtu wa dukani aliyefungua boksi ili "akuwekee programu".

Nianze na huyo wa dukani. Laptop nyingi za bei nafuu zinazoingia kwetu huja bila Windows kabisa. Soma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa boksi: ukikuta imeandikwa FreeDOS, DOS au No OS, ujue bei uliyotajiwa haina Windows ndani yake. Muuzaji atakupigia Windows kutoka kwenye flashi yake, mara nyingi toleo la Pro, pamoja na Office na programu nyingine kadhaa, zote zimechakachuliwa. Mteja hufurahi kwa sababu amepewa vitu vingi bila kulipia.

Zana inayochakachua leseni hutambuliwa na Defender kuwa ni programu hatari, nayo huifuta papo hapo. Kwa hiyo fundi hufanya mambo mawili kabla ya kuiweka: huzima ulinzi kwa muda, kisha huiandika folda ya zana hiyo kwenye orodha ya mahali ambapo Defender haruhusiwi kukagua. Akimaliza huwasha ulinzi tena, na alama ya tiki ya kijani inarudi kama kawaida. Mwenye laptop akitazama anaona kila kitu kiko salama. Kumbe kuna chumba kizima ndani ya kompyuta ambacho mlinzi amekatazwa kuingia, na fundi mwenye haraka huandika diski yote ya C badala ya folda moja. Kirusi chochote kitakachojificha humo hakitaguswa, leo wala mwakani.

Jambo hili unaweza kulikagua mwenyewe kwa dakika mbili. Bonyeza kitufe cha Windows, andika Windows Security, ifungue, kisha ingia Virus & threat protection. Chini ya Virus & threat protection settings bonyeza Manage settings, shuka mpaka mwisho wa ukurasa, utaona Exclusions. Bonyeza Add or remove exclusions. Kwenye laptop mpya ya mtu wa kawaida orodha hiyo inatakiwa iwe tupu. Ukikuta C:\, au folda yenye jina linaloanza na KMS, au jina lolote ambalo wewe hukuliweka, kompyuta hiyo imeshachezewa.

Kuna kipimo cha pili. Shikilia kitufe cha Windows ubonyeze R, andika slmgr /xpr, kisha Enter. Baada ya sekunde chache kinatokea kijidirisha. Windows halali ya nyumbani husema kuwa imeamilishwa moja kwa moja, kwa maneno permanently activated. Ukiona tarehe ya kuisha, Windows yako imewashwa kwa utaratibu wa makampuni makubwa, ambao hudumu siku 180 na kuhuishwa, na laptop ya mwanafunzi haina sababu ya kuwa humo. Tarehe ya mwaka 2038 nayo ni alama ya uchakachuaji. Zipo mbinu za kuchakachua zinazopita kipimo hiki, kwa hiyo jibu zuri lisikufanye uache kuangalia ile orodha ya Exclusions.

Ukikuta imechakachuliwa, kufuta jina kwenye orodha hakutoshi, kwa kuwa hujui nini kingine kiliingia siku ile ulinzi ulipozimwa. Dawa ni kupiga Windows upya kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Unahitaji flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha maana, na programu ndogo inayoitwa Media Creation Tool. Andaa bando la kutosha, maana mzigo wenyewe ni GB kadhaa. Kabla hujaanza, ingia tovuti ya mtengenezaji wa laptop upakue draiva (programu inayoendesha kifaa) ya Wi-Fi ya modeli yako na kuiweka kwenye flashi nyingine. Bila hiyo unaweza kumaliza kazi ukakuta kompyuta haioni Wi-Fi yoyote, na hapo utabaki na njia ya kuunganisha simu kwa waya wa USB na kuwasha tethering, yaani kuigawia kompyuta intaneti ya simu.

Kama laptop ilikuja na Windows tangu kiwandani, ufunguo wa leseni umo ndani ya ubao mama. Ukipiga toleo lile lile, kwa kawaida Home, Windows itajiamilisha yenyewe mara ikipata intaneti, bila kuombwa namba na bila kulipa tena. Muuzaji anayechakachua laptop ya namna hii anamharibia mteja kitu alichokwisha kukilipia. Kama ilikuja na FreeDOS, nunua leseni, au weka Ubuntu ama Linux Mint, mifumo ya kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambazo ni za bure na zinatosha kwa kuandika, kusoma na intaneti.

Sasa tuje kwenye vitu vinavyotoka kiwandani. Watengenezaji hulipwa na makampuni mengine ili waweke programu zao, na inayoonekana zaidi ni antivairasi ya majaribio, hasa McAfee, na pengine Norton. Majaribio mara nyingi ni siku 30, ingawa laptop nyingine hupewa mwaka. Windows haiziachi antivairasi mbili zishike zamu pamoja: ikikuta ya kampuni nyingine, Defender hujiondoa yenyewe. Siku za majaribio zikiisha, ile ya majaribio huacha kupata taarifa za virusi vipya na kubaki ikikurushia matangazo ya kulipia. Kwa utaratibu Defender inatakiwa irudi kazini hapo, lakini usiamini bila kuhakiki. Fungua tena Virus & threat protection; jina la antivairasi iliyoko zamu limeandikwa pale pale. Ukiona ni ile uliyokwisha kukataa kuilipia, iondoe.

Namna ya kuiondoa: Settings, Apps, Installed apps, tafuta jina lake, bonyeza vidoti vitatu pembeni, kisha Uninstall. Usiishie kwenye jina moja. McAfee huwa na ndugu yake, WebAdvisor, anayekaa peke yake kwenye orodha na pia ndani ya kivinjari kama kiongezo. Ukimaliza zima na uwashe kompyuta. Zikibaki alama zake, au ikigoma kutoka, kampuni yenyewe inatoa zana ya kusafisha inayoitwa MCPR. Norton wanayo yao, na Avast pia. Ipakue kwa mwenye mali tu, kwa sababu tovuti nyingi zinazojidai kutoa zana za kusafisha ndizo zinazoleta uchafu. Baada ya kuwasha upya, ingia Protection updates, bonyeza Check for updates, na usubiri mpaka Defender ipate orodha ya virusi ya leo. Hatua hii watu huiruka, halafu wanachomeka flashi wakati Defender bado ina orodha ya siku laptop ilipotoka kiwandani.

Wapo watakaosema programu za kiwandani zinajaza nafasi tu, hazina madhara. Wakumbuke kisa cha Lenovo. Kati ya Septemba 2014 na mwanzoni mwa 2015 baadhi ya laptop zake ziliuzwa zikiwa na Superfish, programu ya kuchomeka matangazo kwenye kurasa za mtandao. Ili ifanye kazi hata kwenye kurasa zilizofungwa kwa usimbaji (encryption), iliweka ndani ya Windows cheti chake cha uaminifu, ambacho kivinjari hukitegemea kujua kama ukurasa ni wa kweli, na ufunguo wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa kompyuta zote. Mtaalamu mmoja aliipata nywila ya ufunguo huo upesi. Maana yake ni kwamba mtu aliyekaa kwenye Wi-Fi moja nawe angeweza kujifanya benki yako na kivinjari kisishtuke. Kuifuta programu peke yake hakukuondoa cheti. Na mojawapo ya programu zilizokifuta cheti hicho, Februari 2015, ilikuwa hiyo hiyo Defender. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, Dell nao walikutwa na cheti cha aina hiyo kilichoitwa eDellRoot.

Hata hivyo usifute kila kitu kwa hasira. Majina kama Intel, AMD, Realtek, Synaptics, ELAN na Dolby yaache. Hizo ndizo draiva za skrini, sauti na kipanya cha mguso. Microsoft Visual C++ Redistributable inaonekana mara nne au tano yenye miaka tofauti, na watu hudhani ni marudio. Kila moja inategemewa na programu fulani, na ukiifuta programu hiyo itagoma kufunguka. WebView2 iache pia, kwa kuwa nayo hutegemewa na programu nyingine. Programu ya vitufe vya Fn ukiiondoa, vitufe vya mwanga na sauti vinaweza kufa.

Zana ya mtengenezaji nayo ibaki, moja tu. Kwa Lenovo ni Vantage, kwa ASUS ni MyASUS, kwa Dell ni SupportAssist, kwa HP ni Support Assistant. Huleta draiva na masasisho ya BIOS (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows) yanayoendana na modeli yako. Vantage na MyASUS zina faida nyingine ambayo wauzaji hawaisemi: zinaweza kuzuia betri isijae hadi asilimia 100. MyASUS huisimamisha kwenye 80. Kwa anayeiacha laptop kwenye chaji kutwa nzima hilo linarefusha maisha ya betri, na bei ya betri halisi mnaijua.

Vitu vya kutoa bila kujiuliza ni michezo ya majaribio, VPN ya majaribio, njia za mkato za kwenda kwenye maduka na hoteli za mtandaoni, na kitunza nywila usichokuwa na mpango wa kukilipia. Zile alama za TikTok, Instagram na mfano wake kwenye menyu ya Start ya Windows 11 mara nyingi hazijasakinishwa. Zinashuka unapozibonyeza, na bando ndilo linaloumia. Bonyeza upande wa kulia wa kipanya uzitoe. Ile sehemu ya diski inayoitwa Recovery usiiguse kwa tamaa ya GB chache, maana ndiyo itakayokusaidia Windows ikikataa kuwaka.

Office inahitaji uangalifu. Laptop nyingine huja na Office ya kudumu ambayo bei yake imo kwenye bei ya laptop, nyingine huja na majaribio ya Microsoft 365. Soma boksi na risiti kabla hujafuta chochote. Majaribio yakiisha, hati zako hazipotei. Utazifungua na kuzisoma lakini hutaweza kuzihariri. LibreOffice ni ya bure na inafungua faili za Word na Excel, ingawa hati yenye majedwali mengi inaweza kuyumba mpangilio. Word ya ndani ya kivinjari nayo ni ya bure ukiwa na akaunti.

OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ndiyo inayowaliza wengi kimya kimya. Ukiingia na akaunti ya Microsoft, inaweza kuzihamisha Desktop, Documents na Pictures kwenye folda yake na kuanza kuzipandisha mtandaoni. Nafasi ya bure ni GB 5. Picha na video za simu zikimwagwa humo, nafasi inajaa na bando linakwisha. Anayeona OneDrive imejaa huingia mtandaoni akafuta faili, na zinafutika kwenye laptop pia. Kama huitaki, bonyeza alama ya wingu karibu na saa, ingia Settings, Sync and backup, Manage backup, zima kila folda. Kisha hakikisha faili zako zimerudi kwenye Documents ya kawaida. Zisiporudi, zihamishe kwa mkono kutoka folda ya OneDrive kabla ya kuiondoa programu. Na kwa wanaotumia intaneti ya simu, ingia kwenye sifa za mtandao huo uwashe Metered connection. Itapunguza masasisho makubwa yasile bando, ila jenga mazoea ya kubonyeza Check for updates ya Defender mwenyewe.

Kabla hujampa fundi laptop yako, tafuta pia ufunguo wa usimbaji wa diski. Windows 11 za sasa zinaweza kuisimba diski zenyewe unapoingia na akaunti ya Microsoft, na ufunguo wenye tarakimu 48 huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. BIOS ikibadilishwa au ubao mama ukiguswa, skrini ya buluu itakuomba tarakimu hizo zote. Akaunti ikiwa ni ya yule kijana wa dukani aliyekufungulia laptop, tasnifu ya mwanao imekwenda. Ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey, uuprinti au uunakili kwenye daftari linalobaki nyumbani.

Je, kuna haja ya antivairasi ya kulipia? Kwa wengi, hapana. Maabara ya AV-TEST iliyoko Magdeburg, Ujerumani, hupima antivairasi na kuzipa alama hadi 18, na Defender imekuwa ikipata alama za juu pamoja na zile za kulipia. Udhaifu wake mmoja ni wa kweli na unatugusa: nguvu zake nyingi hutoka kwenye intaneti. Vipimo vya AV-Comparatives vya Innsbruck, Austria, huonyesha kando uwezo wa antivairasi ikiwa nje ya mtandao, na huko Defender hushuka. Kompyuta ya steshenari inayopokea flashi za watu kutwa nzima huku intaneti ikiwa ya kubahatisha inastahili antivairasi ya kulipia yenye uwezo mkubwa nje ya mtandao. Ofisi yenye mashine nyingi inayotaka kuzisimamia kutoka mahali pamoja, vilevile. Ukinunua, angalia ufunguo ni wa eneo letu, kwani makampuni mengine hufunga funguo kwa kanda, na usinunue ufunguo wa bei ya soda. Huuzwa kwa watu wengi kisha hufungiwa.

Za bure kutoka makampuni mengine sizipendekezi. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa sababu taarifa za kurasa walizotembelea watumiaji ziliuzwa kupitia kampuni tanzu yake, Jumpshot. Aliyeiweka antivairasi hiyo aliiweka ili imlinde.

Flashi ndiyo njia kuu ya virusi kwetu, nayo haihitaji antivairasi ya ziada kwa mwenye laptop iliyosasishwa. Zima AutoPlay, inayoifungua flashi yenyewe ikichomekwa: Settings, Bluetooth & devices, AutoPlay. Ukichomeka flashi iliyotoka steshenari, usibonyeze chochote ndani yake. Bonyeza kulia kwenye alama ya flashi, Show more options, Scan with Microsoft Defender. Ukikuta folda zako zote zimegeuka njia za mkato zenye kimshale kidogo, usizibonyeze, kwani kila moja humwamsha kirusi. Faili zako bado zimo, zimefichwa. Kagua kwanza na Defender, kisha fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Folda halisi zitajitokeza. Ukihisi kirusi kimeshaingia kwenye kompyuta, tumia ukaguzi wa nje ya Windows: Scan options, Microsoft Defender Antivirus (offline scan). Kompyuta itajizima, itakagua kwa dakika kama 15 na kujiwasha. Uwe na zile tarakimu 48 karibu.

Kwa wanaonunua zilizotumika zinazotoka Dubai na Ulaya: Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Antivairasi hata iwe ya bei gani haizibi matundu ya Windows yenyewe. Uliza kama prosesa, ikiwa ni ya Intel, ni ya kizazi cha nane au zaidi na kama laptop ina TPM 2.0 (chipu ya usalama), pasipo hivyo haitapokea Windows 11 kwa njia halali, na bei iteremke ipasavyo.

Ombi langu kwa wauzaji ni hili. Mpeni mteja boksi likiwa na lakiri yake. Akiomba mmuandalie, fanyeni mbele yake, kwa akaunti yake mwenyewe. Risiti iandikwe kama laptop ina Windows ya kiwandani au FreeDOS, na kila programu mliyoongeza itajwe pamoja na leseni yake. Tume ya Ushindani, ambayo ni kazi yake kumlinda mlaji, ingeweza kulifanya hilo kuwa sharti kwa kila duka la kompyuta nchini.

Fundi wa kompyuta,
Dar es Salaam